Mlima wa Upande wa Pili

Juzi fundi alikuja kupaka rangi milango ya ploti tunakoishi, na siku hiyo hiyo nilikuwa nimesahau sufuria ya uji wa wimbi jikoni hadi ukachacha. Nilipofungua mlango, harufu mbili zilikutana kizingitini: uji mchachu na rangi ya mafuta iliyotiwa tapentaini. Fundi aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, lakini nilikuwa nikimdanganya, maana miguu yangu ilikuwa tayari inataka kwenda na sikujua ni wapi. Nilishuka hadi langoni, nikarudi, nikashuka tena kununua chumvi ambayo ilikuwa tele nyumbani. Watoto wangu walicheka. Wao husema mama yao amekanyaga siafu.

Hiyo ni harufu ya Anko Ndirangu, mdogo wake mama yangu. Tena ni harufu ya likizo moja ya shule ambayo niliimaliza nikiwa nimezunguka maduka ya vinyago na vikapu vya vyondo kuliko mtoto yeyote wa kijiji chetu cha Gakindu, nikiburutwa mkono, nikiambiwa "twende" kabla sijamaliza kutazama kitu. Ninyi wa rika langu mliolelewa na mama asiyejua kuketi mtanielewa. Mama alikula akiwa amesimama. Kanisani, wakati wa maombi, alikuwa anakunja na kukunjua leso yake akiisubiri amina.

Tulikaa kwa wazazi wake, Guka na Cucu, kwenye mteremko uliojaa kahawa. Asubuhi isiyo na ukungu mlima ulionekana juu ya migomba ya jirani, vilele vikubwa vikiwa vimesongamana na kimoja kidogo kikiwa mkono wako wa kulia ukiutazama. Jua lilitoka upande huo, na jioni lilizama nyuma ya nyumba, upande wa milima ya Nyandarua. Hilo halikuwa jambo la kufikiria. Mtoto wa kwetu akiambiwa achore jua na mlima, alijua kuwa anachora asubuhi.

Anko Ndirangu alichora mlima huo. Turubai hakuwa nayo, kwa hiyo alichukua mifuko ya kitambaa iliyowahi kubeba unga, akaifua, akaitandaza juu ya fremu ya fito, halafu akaipaka uji mwepesi na kuuacha ukauke, ili rangi isinywewe na kitambaa. Ndiyo maana picha zake zilinuka kama jiko la mtu mvivu. Nilikuwa mdogo sana alipoondoka nyumbani, sura yake sikuikumbuka, lakini stoo alimofanyia kazi ilibaki na ile harufu, nami nilikuwa najificha humo nikigombezwa.

Jinsi alivyoondoka nilisimuliwa na Cucu nilipokuwa mkubwa. Guka na Cucu walikwenda mazishini Kangari, wakamwachia Anko kazi ya kusimamia wavunaji. Ninyi mnaojua kahawa mnajua haina subira. Ikiiva inachumwa, na ikichumwa inafika kiwandani siku hiyo hiyo. Mlima nao ulikuwa wazi siku hizo, hauna hata wingu moja, na Anko hakuweza kujizuia. Wazee waliporudi walikuta kahawa imekauka nyeusi kwenye matawi, wavunaji wameenda zao, na kijana yuko juu ya kilima na brashi mdomoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hiyo Guka alijikwaa ulimi mbele ya majirani. Alimwambia, "Nenda. Uzunguke na huo mlima wako, usipate mahali pa kutulia. Na usikanyage hapa kwangu mpaka siku ya kunizika."

Cucu alimshika mkono akamwomba ayarudishe maneno hayo hapo hapo. Guka alikataa. Anko akachukua brashi zake akatoka langoni, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa mbele yetu watoto.

Kwetu neno la mzazi lililotoka kwa uchungu ni jambo zito. Mwenye kulisema ndiye pekee anayeweza kuliondoa, tena akiwa hai, tena mbele ya yule aliyeambiwa. Akifa nalo, hakuna wa kuliondoa. Cucu alikuwa mama wa kanisa, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe kuliko vyote kila Jumapili, lakini kwa habari hii hakumwuliza mchungaji. Alijua tu.

Kisha Guka akaanguka shambani, akapooza upande mmoja. Mwanzoni alizungumza polepole tu. Baadaye maneno yakaanza kumpotea, leo hili, kesho lile. Alisahau kuomba chai, akawa anaonyesha kidole. Siku moja aliniita kwa jina la mbuzi wetu, nikacheka, Mama akanikanyaga mguu. Jina moja tu ndilo lililobaki imara, na alilirudia kila asubuhi akitazama dirishani: "Ndirangu. Ndirangu. Mleteni."

Nilisikia Cucu na Mama wakizungumza jikoni, nikiwa nje namenya viazi.

"Bila Ndirangu huyu mzee hatapumzika," Cucu alisema. "Na ulimi wake unaisha. Unaona vile unaisha?"

"Naona, Mami. Kesho naanza. Kama anachora bado, picha zake ziko kwenye maduka ya watalii. Nikipata picha, nitampata."

Mimi nilisikia picha. Nikajumlisha hesabu zangu za utoto: Guka anatazama dirishani, Guka hawezi tena kutoka nje kuuona mlima, na kuna picha ya mlima mahali fulani dukani iitwayo Ndirangu, ambayo akiletewa atapona. Nilifurahi sana. Nilimwomba Mama twende pamoja nimsaidie kuchagua, naye akakubali, nadhani kwa sababu mwanamke anayetembea na mtoto haulizwi maswali mengi.

Duka la kwanza lilikuwa Nyeri mjini, ukiteremkia Majengo. Mwenyewe aliitwa Mama Zuhura, mzaliwa wa hapo hapo, amejifunga leso na kuketi katikati ya vyondo, vibuyu na twiga wa mbao waliopangwa kwa urefu. Ukutani kulikuwa na picha, na Mama, bila hata salamu ya kutosha, alianza kuzigeuza moja moja na kuzinusa mgongoni.

"Dada yangu," Mama Zuhura alisema, "hizo ni picha, si nyama. Mbona wazinusa?"

"Natafuta mchoraji mmoja. Anapaka uji nyuma."

"Ah, Ndirangu! Kijana mpole, hatulii. Alikuwa akiniletea, kisha akapotea. Keti basi unywe chai, nikueleze."

"Hapana, asante. Tuko na haraka."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Mama alijibu kwamba baraka ndiyo yenyewe anayoikimbilia. Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimeshapata picha nzuri, ya mlima na tembo wawili, nikamvuta nguo nikamwambia Guka ataipenda hii. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Twende."

Mama Zuhura alikuwa ametuelekeza jumba la makumbusho, kwa kuwa wachoraji wa huku waliwahi kutundika kazi zao humo. Lilikuwa jumba dogo la mawe, na ndani mlikuwa na baridi. Nilitarajia maajabu. Nilichokuta ni vyombo vya nyumbani kwetu: kibuyu cha uji, ungo, chondo chenye mkanda wa kubebea kichwani, na kigoda cha miguu mitatu, vyote vikiwa nyuma ya kamba, na vikaratasi mbele yake kama vile vimeshtakiwa. Kile kigoda kilinitia hofu. Kilikuwa cha rangi ile ile ya kigoda cha Guka, kimelika katikati vile vile.

"Mami!" nilipiga kelele. "Wameshaleta kiti ya Guka!"

Nilidhani hapo ndipo vyombo vya mtu vinatangulia kabla mwenyewe hajafa. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka, na uso wake ulinitisha zaidi ya kigoda, maana ulikuwa umeamini kwa nukta moja kile nilichoamini. Mama mmoja wa pale, mlinzi wa vyombo, alicheka akanishika bega.

"Hapana, kamama. Hiyo kiti iko hapa kutoka kabla mama yako azaliwe. Guka yako aketi tu yake."

Kwenye ujia wa nyuma palikuwa na picha moja ya Anko, ya zamani. Ilionyesha mteremko wetu, migomba ya jirani na mlima, na kile kilele kidogo mkono wa kulia. Nilishangaa kuona nyumbani kwetu ukutani mwa watu. Mama aliigusa kwa kidole, akainusa, akafumba macho. Yule mlinzi akatuambia mchoraji alisema anapanda Naro Moru, ati watalii wa kupanda mlima wako huko. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mgongo wa Mama ukitangulia mlangoni.

Sikumbuki kulala siku hizo, ingawa lazima tulilala. Nakumbuka kurudi nyumbani jioni, Cucu akitutazama mikono kwanza kabla ya uso, na Guka akisema "Ndira... Ndira..." Jina lenyewe lilikuwa limeanza kumegeka. Mimi nilimlaumu Mama. Picha zilikuwa tele, nzuri, na yeye alikuwa mchaguzi kupita kiasi. Nikimwuliza kwa nini tusichukue yoyote, aliniambia nile.

Naro Moru tulikuta kibanda kando ya barabara chenye ngozi za kondoo, mikuki ya kuuzia wageni, na mzee mmoja mcheshi aliyevaa kofia ya sufu hadi machoni. Aliitwa Baba Shiru. Mama alipotaja uji, mzee alipiga paja.

"Huyo! Ngoja nikuonyeshe kitu." Alichomoa nyuma ya ngozi picha iliyotobolewa pembeni, mashimo madogo madogo. "Ona. Panya wamekula mlima yangu! Wamekula msitu yote, sasa wanaanza barafu. Nilimwambia huyo kijana, wacha kupaka chakula kwa picha. Akasema ati bila uji rangi haishiki."

Mama aliikumbatia ile picha ya matundu ya panya kana kwamba ni barua. Alicheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Guka aanguke, na Baba Shiru akacheka naye bila kujua sababu.

"Sasa ako wapi?" Mama aliuliza.

Mzee akaacha kucheka. "Aliondoka. Huyo hawezi kaa, mama. Nilimpa chumba hapa nyuma, akakaa kidogo, akahama. Akarudi, akahama. Nikamwuliza, kijana, ni nini? Akaniambia ati akilala mahali, akianza tu kuzoea, miguu inamwasha. Ati hata kitanda hataki kununua. Mimi nilidhani ni bangi. Si bangi. Ni kitu ingine."

Mama aliweka mkono kifuani. Maneno ya Guka yalikuwa yamemfuata Anko hadi chumba cha nyuma cha Naro Moru, na yalikuwa yanafanya kazi. Ninajua sasa kwamba ndicho kilichompita usoni wakati ule. Mimi nilikuwa nahesabu mashimo ya panya na kujiuliza kama picha iliyoliwa inaweza kuponya mtu aliyepooza upande mmoja.

"Jaribu Nanyuki," Baba Shiru alisema. "Na usichoke. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata."

Nanyuki kulikuwa na jumba la picha lenye vioo vikubwa, sakafu imeng'aa, na kijana wa rasta aliyekuwa akipangusa fremu. Mama alivua viatu mlangoni kwa kuogopa ile sakafu, kijana akamwambia avae tu. Alikuwa mcheshi wa aina yake. Hakuuliza kwa nini Mama ananusa picha. Alidhani huenda wanunuzi wengine hufanya hivyo.

Picha ilikuwa kwenye ukuta wa mwisho. Mama aliinusa, akapiga hatua nyuma, akainusa tena. Harufu ilikuwa kali, na rangi bado ilikuwa laini ukiigusa kwa ukucha.

"Hii ni mpya," alisema.

"Mpya kabisa," kijana alijibu. "Lakini hiyo niliuziwa na broker, dalali tu, mathe. Huyo haulizwangi anatoa wapi, yeye ni kuleta tu. Halafu si poa sana, mi naiona na makosa. Cheki." Alionyesha kwa kitambaa chake. "Ni sunrise, jua inatoka, si ndio? Jua iko nyuma ya mlima. Sawa. Lakini hiyo kilele ndogo ameweka upande wa left. Kila mtu anajua iko right. Ni kama msee alichora akiwa high na bangi."

Mama alitazama. Kilele kidogo kilikuwa kushoto kweli. Vile vikubwa navyo vilikuwa vimekaa kwa namna nyingine, kama mtu unayemjua aliyekupa kisogo. Ndugu yake, aliyeujua mlima ule kama mkono wake, alikuwa amesahau umbo lake. Hapo Mama aliketi. Aliketi sakafuni, juu ya ile sakafu aliyoiogopa, akafunika uso kwa leso.

"Akili yake imeharibika," alisema. "Amezunguka hadi akili ikaharibika. Nimechelewa."

Sikuwahi kumwona Mama ameketi hivyo. Niliingiwa na hofu, na hofu yangu ikatoka kama hasira, maana ndivyo nilivyo hadi leo. Nikasimama mbele ya ile picha nikaanza kuigombeza. Nikasema hatutainunua, Guka hataitaka, imekosewa yote. Si kilele peke yake. Nikaonyesha watoto wa shule njiani, soksi zimeteremka, mashati yametoka nje, wanarudi nyumbani. Nani anarudi kutoka shule jua likitoka? Na pale kwenye boma, kuku walikuwa wamejipanga kwenye kijingazi cha banda, wanapanda mmoja nyuma ya mwingine.

"Kuku hawapandi kulala asubuhi!" nilisema. "Hata mtoto wa nasari anajua!"

Kijana alianza kucheka, kisha akawakazia macho wale kuku. Alisogea karibu na picha. Mama aliondoa leso usoni.

"Rudia," aliniambia.

"Kuku wanaenda kulala, Mami. Ni jioni. Na jua liko nyuma ya mlima. Si ni makosa?"

Sisi watatu tuliozaliwa magharibi mwa mlima, mkubwa na mdogo, tulikuwa tumeona jua nyuma yake tukasema ni asubuhi, kwa kuwa maisha yetu yote ilikuwa asubuhi. Kijana ndiye aliyesema kwanza, polepole.

"Mathe. Kuna watu jua inawazamia huko nyuma. Wale wa Chogoria. Chuka. Hao mlima wanaiona kutoka upande ile ingine. Na kilele ndogo kwao iko left."

Mama alikuwa ameshasimama. "Hajasahau," alisema. "Amezunguka. Amefika upande wa pili." Akanishika mashavu yote mawili kwa nguvu hadi yakaniuma, akanibusu paji la uso mbele ya mgeni, jambo ambalo si la kawaida kwetu.

Mimi nilikuwa nimeduwaa kwa sababu nyingine. Hadi siku hiyo nilidhani mlima ni kama ukuta, una uso tu. Sikuwahi kuwaza kwamba una mgongo, na kwamba huko mgongoni kuna watoto wanaotoka shule.

Tulikwenda Chogoria kupitia Karatina na Embu, mlima ukitugeukia dirishani kidogo kidogo. Hapo ndipo Mama aliponiambia kwamba hatutafuti picha. Alinieleza yote kwa maneno machache, akiangalia nje. Niliuliza kama maneno yanaweza kweli kumwasha mtu miguu. Hakujibu, lakini miguu yake mwenyewe haikuwa imetulia tangu tupande gari.

Hatukupata taabu kumpata. Karibu na soko palikuwa na karakana ya seremala, na nje yake mifuko ya unga imetandazwa juani ikikauka uji. Mwanamume mwembamba alitoka na brashi mkononi. Alimwona Mama, na brashi ikamwanguka.

"Mzee amekufa?" alisema.

Hakusema hujambo wala karibu. Aliambiwa asirudi hadi siku ya mazishi, na dada yake alikuwa amesimama mbele yake. Angefikiri nini kingine?

"Hajakufa," Mama alisema. "Lakini ulimi unaisha. Anakuita. Anataka kuyatoa yale maneno."

"Alikwambia?"

"Anasema jina lako tu. Hakuna ingine anasema."

Anko alinitazama, kisha akatazama mlima, ambao huku ulikuwa karibu sana na wa kigeni kabisa. Alijaribu kufunga mlango wa karakana akashindwa kuingiza kufuli, seremala akamfungia. Njia nzima alikaa ukingoni mwa kiti.

Tulifika Gakindu saa za alasiri. Cucu alikuwa amesimama langoni, nadhani alisimama hapo kila siku. Alimshika mwanawe uso, akamwacha, akamgeukia Mama.

"Tangu jana hajasema kitu," alisema. "Hata jina. Limeisha."

Miguu ile yote, maduka yale yote, na tulikuwa tumechelewa kwa siku moja. Anko hakuingia. Alisimama nje ya lango, vidole vya viatu vyake vikiwa pale pale mwanzo wa udongo wetu, na alipovutwa mkono na Mama alikataa kwa kichwa.

"Aliniambia nisikanyage," alisema. "Siwezi."

Basi kama mtoto haingii kwa baba, baba akatoka kwa mtoto. Cucu aliwaita jirani wawili, wakambeba Guka na kiti chake, na blanketi magotini, hadi langoni, wakamtua. Baba na mwana wakatazamana, mmoja ndani, mmoja nje. Anko akapiga magoti barabarani.

Guka alifungua mdomo. Tulisubiri. Shingo ilimkaza, jicho la upande mzima likajaa machozi, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Alijaribu tena. Nilikuwa nauma kidole changu nikimsaidia moyoni kusukuma. Cucu akachukua kikombe cha maji, akamlowesha midomo. Guka akayashika maji kinywani, akaniangalia kama hanioni, akamwinamia Anko kwa nguvu zote alizobaki nazo, akamtemea kifuani.

Mate na maji viliruka, vingine vikamtiririka yeye mwenyewe kidevuni. Shati la Anko likalowa.

Nilipandwa na hasira sijawahi kuona mfano wake. Baada ya yote, anamtemea mate! Machozi yakanitoka. Nilimnyang'anya Mama leso yake, nikakimbia nikatoka nje ya lango, nikapiga magoti mbele ya Anko nianze kumpangusa kabla watu hawajaona zaidi.

Anko alinidaka mkono hewani. Alikuwa analia, lakini si kwa aibu. Niliangalia nyuma, Cucu alikuwa ameinua mikono yote miwili, na jirani walikuwa wamevua kofia.

"Wacha, Wangari," Cucu aliniambia kwa sauti ya chini. "Amembariki. Wazee wetu walibariki hivyo, kabla hatujajua kuombea mtu kwa maneno. Ameyatoa yote."

"Lakini shati imelowa," nilisema.

"Wacha ikauke yenyewe," Anko alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Kisha akainuka na shati lake bichi, akamwondoa jirani mmoja kwa bega, akashika kile kiti upande mmoja, wakamwinua Guka, na Anko Ndirangu akakanyaga kwao.